Savannah Haina Mwezi Mbaya, Ila Ina Saa Mbaya

"Twende mwezi gani?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila familia inayotaka tuipangie safari ya Savannah, mji mkongwe wa bandari katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Jibu letu ni kwamba mwezi wowote unafaa. Kinachoharibu safari huko ni saa: mtu anatoka hotelini saa sita mchana mwezi wa Julai, au anaelekea ufukweni bamvua likiwa limejaa, halafu lawama zote anaubebesha mji. (Saa tunazotaja hapa ni za Kiswahili. Tiketi ya makumbusho ikiandikwa 11:00, ni saa tano.)

Mpangilio wa mji wenyewe unamsaidia mtembeaji mwaka mzima. James Oglethorpe alipouanzisha Februari 1733, aliugawa katika mitaa midogo, kila mtaa ukiwa na uwanja wa wazi katikati. Pande za mashariki na magharibi za uwanja ziliachiwa majengo ya umma. Kaskazini na kusini palikatwa ploti za nyumba, 40 kwa kila mtaa. Mji ulipopanuka, mpango uleule ulirudiwa hadi viwanja vikafika 24. Leo vimebaki 22, vingi vikiwa chini ya mialoni mikubwa ya aina isiyopukutisha majani wakati wa baridi. Shika Bull Street kuanzia City Hall hadi Forsyth Park. Ni kama kilomita moja na nusu, na njiani utavipita Johnson, Wright, Chippewa, Madison na Monterey. Magari huzunguka uwanja, mwenye miguu hukata katikati. Ukienda moja kwa moja ni dakika 25 hivi. Ukiwa na watoto au wazee tenga saa mbili, kwa sababu benchi na kivuli haviko mbali popote ulipo.

Zile nywele za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi, Spanish moss, wageni wengi hudhani ni ugonjwa wa mti. Ni mmea wa jamii ya nanasi. Hauunyonyi mti, unajishikiza tu na kuishi kwa mvua na hewa.

Tuanze na majira yanayoogopwa. Juni hadi Agosti joto la mchana hufika nyuzi 33 au 34 za Selsiasi, na kwa ajili ya unyevu mwili huhisi kama limepita 40. Mtu wa Dar au Mombasa huona si kitu, akasahau kwamba katikati ya mji ni kama kilomita 30 kutoka bahari wazi. Upepo wa bahari ukifika huko umeshachoka. Ratiba inayofanya kazi ni hii: toka saa moja asubuhi, tembea hadi saa nne na nusu, ingia ndani hadi saa kumi, kisha rudi nje saa kumi na moja. Mvua za radi hupenda kushuka alasiri na mara nyingi hazikai, kwa hiyo hazikukoseshi chochote ukiwa ndani ya makumbusho. Miguu ikichoka, kuna basi la bure la DOT linalozunguka katikati ya mji, na feri za bure zinazovuka mto kwenda Hutchinson Island. Kwenye feri utapata upepo, na ukiwa na bahati meli ya makontena itapita karibu kiasi kwamba watoto wataacha simu.

Saa za ndani, kwa maoni yetu, ndizo zenye uzito kuliko zote. Tiketi moja ya Telfair Museums inafungua milango mitatu, mmojawapo ukiwa Owens-Thomas House ya 1819. Huko unaingia kwa zamu zenye muda maalumu, kwa hiyo chukua zamu yako mapema. Watu hukimbilia sebule za mbele. Sisi tunasema tumia muda zaidi nyuma, kwenye jengo walimolala watumwa, ambako dari bado lina rangi ya buluu ya zamani, rangi iliyoaminika kuzuia mizuka. Franklin Square kuna First African Baptist Church, jengo lililokamilika 1859, la waumini wanaohesabu mwanzo wao tangu 1773. Sakafuni kuna matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio maalumu. Kanisa lenyewe huwaeleza wageni kwamba ni alama ya Kikongo ya mzunguko wa uhai, na kwamba yaliwapa hewa watumwa watoro waliofichwa chini. Ziara haziko kila siku, na Jumapili ni siku ya ibada. Hakikisha nafasi kabla ya kusafiri.

Pale Madison Square, kwenye njia yako ya Bull Street, iko Green-Meldrim House. Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alikaa humo baada ya kuuteka mji Desemba 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na Januari 12, 1865 alikutana hapo na viongozi 20 wa makanisa ya Weusi. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kuwagawia walioachwa huru ardhi ya pwani, isiyozidi ekari 40 kwa familia. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliitengua. Utajiri uliojenga nyumba hizi ulikuwa wa pamba iliyolimwa na watumwa, na pamba hiyo ya Kusini ndiyo iliyofumwa kwenye viwanda vya New England ikawa merikani iliyouzwa Unguja. Vita vilipoikata pamba kuanzia 1861, biashara ya merikani nayo ikayumba.

Septemba hadi Novemba joto linashuka, lakini maji yanataka hesabu. Ufukwe wa Savannah ni Tybee Island, na njia ya gari kwenda huko ni moja tu, US 80, iliyopita juu ya vinamasi. Maji hapa hupanda na kupwa zaidi ya mita mbili. Wakati wa bamvua za vuli, mwezi mpevu au mwandamo, hasa upepo ukivuma kutoka kaskazini-mashariki, barabara hufunikwa. Kabla ya kuondoka fungua jedwali la maji la Fort Pulaski, kituo cha kupimia maji kilicho kwenye njia hiyo. Kiwango cha futi 9.5 ndipo mafuriko huanza kuhesabiwa. Maji yakitarajiwa kukaribia hapo, vuka saa mbili kabla ya maji kujaa au subiri saa mbili baada yake. Usilipitishe gari kwenye maji ya chumvi hata kama wenyeji wanapita. Breki na nyaya huja kukudai baadaye. Ukifika, usiogelee kwenye ncha za kisiwa za kaskazini na kusini, mikondo ni mikali.

Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Septemba. Hatumkatazi mtu kwenda, ila kuanzia Agosti hadi Oktoba chukua chumba ambacho pesa zake hurudishwa, hata kama kimezidi bei kidogo. Bima ya safari inunuliwe kabla dhoruba haijapewa jina. Ikishapewa, bima mpya haitalipa hasara yake.

Baridi yao ni ya kuvumilika: Januari mchana ni nyuzi 15 hivi, usiku 4. Kuogelea sahau. Hoteli ndipo zinaposhuka bei, hasa Jumapili hadi Alhamisi. Ukilinganisha bei, kumbuka kuna ada ya jimbo ya dola 5 kwa kila chumba kila usiku, pamoja na kodi nyingine zisizoonekana kwenye tangazo.

Machi maua ya azalea hufunguka, na watu wanajaa. Maandamano ya Mtakatifu Patrick, sikukuu ya Waayalandi ya Machi 17, yana mizizi tangu 1824 na hujaza kila kitanda. Kama hukuja kwa ajili hiyo, epuka juma hilo. Mgeni mwingine wa majira hayo ni visubi. Ni wadogo kiasi cha kupenya chandarua cha kawaida, hutoka alfajiri na magharibi karibu na vinamasi, na upepo kidogo tu huwashinda. Paka dawa miguuni na shingoni, kaa palipo na upepo. Wamezoeleka kiasi kwamba timu ya besiboli ya mji iliwahi kubeba jina lao, Sand Gnats, hadi 2015.

Kuhusu chakula, neno kwa wasiokula nguruwe: wali mwekundu wa huko mara nyingi hupikwa na soseji au bekoni, na majani ya collard, ndugu wa sukuma wiki, huchemshwa na mfupa wa nguruwe bila menyu kusema. Hata sufuria la kamba, mahindi na viazi huwekwa soseji. Uliza kabla ya kuagiza. Kamba na samaki wa kukaanga ni salama zaidi, ila uliza pia mafuta yamekaanga nini kingine.

Viatu viwe vya soli bapa. River Street imetandikwa mawe yaliyoletwa na meli kama farumi, na ngazi za kushukia ni za mawe, zimesimama wima. Sanduku la magurudumu litakutesa. Kuna lifti karibu na City Hall.

Kutoka Atlanta, au Clarkston iliyo jirani yake, ni kama kilomita 400, mwendo wa saa nne hivi kwa gari: barabara kuu ya I-75 hadi Macon, halafu I-16 hadi mwisho. Jaza mafuta Macon, maana mbele vituo vimeachana sana.

Ukituandikia, tutajie tarehe mbili mbadala, umri wa mkubwa na mdogo katika kundi, nani hawezi ngazi, na kama mnataka Tybee. Siku ya Tybee tutaipanga kwa jedwali la maji kwanza, mengine yafuate.