Anayemwekea mtu Linux amfundishe na kuisasisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi wenzangu wa kompyuta pamoja na vijana wa vyuo ambao, tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wamekuwa wakiwasaidia watu kuhamia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ili kompyuta zao za zamani ziendelee kufanya kazi. Kazi hiyo ni njema, nami naifanya hapa Mwanza kwa miaka kadhaa sasa. Kinachoniuma ni kwamba tunamkabidhi mtu mfumo asioujua, tunamwonyesha pa kuchapia barua na pa kufungulia intaneti, kisha tunaondoka bila kumfundisha namna ya kuusasisha.

Nalisema hili kutokana na kosa nililolitenda mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2021 nilimwekea jirani yangu wa Igoma, mama mwenye duka la steshenari, Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, toleo la 20.04. Mwaka jana aliniita kwa sababu baadhi ya tovuti zilikuwa zinakataa kivinjari chake. Nilipoketi mbele ya mashine, kidirisha cha masasisho kilijitokeza katikati ya kioo, naye akapitisha mkono mbele yangu, akashika kipanya na kukifunga kabla sijamaliza kukisoma. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Si wewe, mwanangu, uliyeniambia chochote kinachoomba neno la siri nisikiguse?" Ni kweli nilimwambia hivyo. Nilitaka kumkinga na matapeli, na kwa maneno yale yale nikamzuia asipokee marekebisho kwa muda wa zaidi ya miaka mitatu, ilhali kila siku wateja wanachomeka flashi zao katika kompyuta ile na kufungulia barua pepe zao humo.

Wapo watakaosema kwamba Ubuntu hujisasisha yenyewe katika mambo ya usalama. Ndivyo ilivyopangwa, lakini mpango huo una sharti ambalo wengi wetu hatulijui. Huduma inayopakua masasisho hayo kimyakimya huacha kufanya kazi pale mfumo unapoona kwamba intaneti inayotumika ni ya kulipia kwa kipimo, na simu ya Android inapogawa intaneti kwa kompyuta, mara nyingi huitambulisha hivyo hivyo. Mbunifu wa utaratibu huo alikusudia mema, maana hakutaka bando la mtu liishe bila yeye kujua. Matokeo yake ni kwamba mtu asiye na intaneti nyingine isipokuwa ya simu, na hao ndio wengi kuanzia Buzuruga hadi visiwa vya Ukerewe, anaweza kukaa miaka na kompyuta ambayo fundi wake anaamini inajisasisha. Kwa mtu wa namna hiyo, masasisho ni kazi ya mkono wake mwenyewe, na lazima aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Jambo lingine linalopaswa kusemwa waziwazi linahusu hali ya programu huria yenyewe. Kwa kuwa msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, kasoro ikirekebishwa, rekebisho hilo husomwa na kila mtu, pamoja na mwizi, ambaye kwa kulisoma hujua tundu lilikuwa wapi. Kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu huria ya kulinda siri za mawasiliano ya intaneti, ilipotangazwa tarehe 7 Aprili 2014, toleo lililorekebishwa lilitolewa siku hiyo hiyo, na tangu saa hiyo aliyebaki katika hatari kubwa ni yule aliyechelewa kulichukua. Kwa hiyo kumwambia mgeni kwamba Linux haishambuliwi, kauli ninayoisikia mara kwa mara madukani, ni kumdanganya.

Mafunzo yenyewe si marefu. Kwa anayetumia Ubuntu, Debian au Linux Mint, mimi huanza na amri mbili zinazoandikwa katika dirisha la amri (terminal) na kueleza tofauti yake, kwa sababu majina yake humchanganya kila anayeanza. Amri ya "sudo apt update" huleta orodha mpya tu, na "sudo apt upgrade" ndiyo huleta programu zenyewe na kuzisimika. Mama yule alilielewa nilipomwambia kwamba kwenda Mwaloni Kirumba kuuliza bei ya sangara hakujakupatia samaki. Humweleza pia kwamba anapoandika neno la siri, herufi hazionekani kwenye kioo, maana wengi hudhani kibodi imekufa. Kisha namwachia kiti, nami nasimama nyuma yake mikono ikiwa mfukoni, kwa sababu mtu asiyefanya mwenyewe mbele yako hatafanya utakapokuwa umeondoka.

Umeme nao una somo lake. Usimikaji ukikatika katikati, mgeni huona maneno ya kutisha na kukimbilia kwa fundi, na fundi mwenye haraka hufuta diski nzima na kuanza upya, picha na hesabu za mtu zikapotea. Mara nyingi amri moja, "sudo dpkg --configure -a", hutosha kumalizia kazi iliyokatika. Iandikeni kwenye karatasi kwa mwandiko unaosomeka na muibandike dukani kwake. Na kabla ya hapo, azoee kuanza kusasisha wakati betri imejaa.

Kuhusu gharama ya bando, palipo na kompyuta kadhaa za toleo moja na aina moja, shuleni kwa mfano, hakuna haja ya kila moja kupakua kila kitu. Ukisasisha ya kwanza kwa amri ya "apt-get", faili zilizopakuliwa hubaki katika folda ya /var/cache/apt/archives, wakati "apt" huzifuta baada ya kuzisimika. Faili hizo hunakiliwa kwa flashi na kuwekwa katika folda kama hiyo kwenye mashine nyingine, ambayo itahitaji kupakua orodha peke yake.

Mwisho ni suala la matoleo, ambalo ndilo lililonishinda kwa jirani yangu. Toleo la Ubuntu la muda mrefu hutoka kila baada ya miaka 2, mwezi Aprili, na hupata masasisho ya kawaida kwa miaka 5. Matoleo ya katikati hupata miezi 9 tu, na sioni sababu ya kumwekea anayeanza. Lile la 20.04 lilifika ukomo Mei 2025, na kwa kuwa huwezi kuruka toleo la muda mrefu, ilitubidi kwanza tuhifadhi kazi zake zote pembeni, kisha twende 22.04, ndipo tukafika 24.04. Shughuli hiyo ilitumalizia siku mbili na bando jingi, nami nililipia bando hilo.

Dawa tunayonunua duka la dawa imeandikwa tarehe ya kuisha, na hakuna anayeona ajabu. Nawaomba mafundi wenzangu tubandike chini ya kila kompyuta tunayoiwekea Linux karatasi yenye jina la mfumo, namba ya toleo na mwaka ambao huduma yake itakoma. Ile ya mama wa Igoma sasa imeandikwa 2029, na chini yake ameongeza kwa mkono wake: "Kila Jumamosi, kabla ya kufunga duka."

Fundi kompyuta,
Kirumba, Mwanza