Kompyuta zimefika AMCOS, na wazee wa ghalani je?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi niseme hili maana msimu wa korosho unakuja.

Huku kusini mifumo ya kompyuta imeingia kwa kasi kwenye AMCOS, yaani vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, na mi siipingi hata kidogo. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka korosho ghalani ukapewa risiti mpaka ziuzwe mnadani, tulianza nayo 2007 enzi za madaftari, leo mnada unaenda kidijitali kupitia TMX, soko la bidhaa la Tanzania, mkulima anaona mwenyewe wanunuzi wanavyoshindana bei, na maneno maneno yamepungua kweli.

Ila chama kimoja huku kwetu Tandahimba karani wa ghala kastaafu, mzee yule akichota konzi ya korosho akaitikisa tu anakwambia hizi bado mbichi kazianikeni tena, na anajua mzigo wa kitongoji gani unachanganywa na korosho za mwaka jana, kapikiwa pilau kapigwa picha kaenda zake, kijana akaachiwa kompyuta na nywila basi. Msimu uliofuata mzigo ukakataliwa ghala kuu kwa unyevu, wakulima tukarudi kuanika upya huku malipo yakichelewa, na kompyuta wala haikuwa na shida, kilo zote zilikuwemo. Kijana namtetea kabisa, nani alimfundisha?

Wenzetu hili waliliona zamani. Kampuni ya Xerox ya Marekani ilikuwa na mafundi wa mashine za fotokopi wenye vitabu vya maelekezo, lakini mtafiti Julian Orr alipokaa nao akaona zile mashine sumbufu wanazitengeneza kwa kupigiana stori, wamekaa wanakula mmoja anasema ikikufanyia hivi usihangaike na kitabu, angalia pale. Baadaye kampuni ikatengeneza mfumo wa kutunza hayo maujanja, ukaitwa Eureka, fundi anaandika ujanja wake, mafundi wenzie wanaupitia, na jina lake linabaki pale pale. Yani stori za watu zilitangulia, kompyuta ikafuata.

Sisi hela yote inaishia kwenye mashine na semina ya kubonyeza. Hata bwana shamba ni hivyo hivyo, kakaa miaka anajua ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unaanzia mashamba gani na salfa ipigwe lini, akihamishwa anaondoka nayo yote, anayekuja anaanza kuuliza njia.

Ombi langu kwa bodi za vyama, karani aliyebakiza msimu mmoja akae ghalani na mrithi wake msimu mzima, toka gunia la kwanza mpaka mnada wa mwisho, na alipwe posho ya kufundisha. Kijana amrekodi kwa simu akielezea, rekodi hizo ziwekwe kwenye kompyuta ya chama kwa jina la mzee mwenyewe. Bando na posho ya hivyo haifiki hata bei ya kompyuta moja.

Na wanachama wenzangu wa Newala, Masasi, Nachingwea na Liwale, kwenye mkutano mkuu bajeti ikisomwa ulizeni, za mashine ngapi na za huyo mzee ngapi?

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara