Wachambuzi wa simu waipime GPS mahali pasipo na mnara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kurasa za teknolojia, ambamo simu mpya huchambuliwa mara kwa mara. Huzisoma kurasa hizo kwa makini, kwa sababu sisi tunaoishi mbali na maduka makubwa hununua simu kwa kutegemea maneno ya wenzetu waliozishika kabla yetu. Kamera huelezwa kwa aya tatu au nne, kioo huelezwa, kasi ya kuchaji huelezwa, hata rangi ya mfuniko wa nyuma hupewa nafasi yake. Lakini uchambuzi ukifika kwenye uwezo wa simu kujua mahali ilipo kwa kutumia setilaiti, mwandishi huandika maneno mawili tu, "GPS ipo", kisha akaendelea na mengine. Maneno hayo hayamwambii mnunuzi lolote, maana karibu kila simu janja inayouzwa leo ina GPS, na tofauti kati ya moja na nyingine ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mimi ni mfugaji nyuki katika misitu ya miombo wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Mizinga yangu, mingi ikiwa ya magome na michache ya mbao, imetundikwa juu ya miti ya mtundu na muba katika eneo ambalo kulizunguka kwa baiskeli huchukua siku mbili, na sehemu kubwa ya eneo hilo haishiki mtandao wowote wa simu. Wazee wetu walishika njia kwa vichuguu, kwa mito ya msimu na kwa miti waliyoichonga alama, nami bado naziheshimu alama hizo kwa sababu hazihitaji chaji. Lakini miti iliyochongwa huungua au hukatwa, na vijana wanaonisaidia hawakukulia kambini kama mimi, kwa hiyo tangu miaka kadhaa iliyopita kila mzinga una namba yake katika daftari, na mbele ya namba hiyo nimeandika latitudo na longitudo yake.

Mwaka juzi nilinunua simu mpya mjini kwa ajili ya kazi hiyo. Muuzaji aliifungua ramani mbele yangu, na kidoti cha buluu kikatokea papo hapo juu ya mtaa tuliosimama. Nikaridhika, nikalipa, nikaizima simu ili nitunze chaji, na wiki iliyofuata nikampa mdogo wangu aende nayo kambini. Alipoiwasha msituni, ramani iliendelea kumwonyesha kwamba yuko palepale dukani. Alitembea nayo mkononi chini ya miti kwa karibu saa nzima bila mafanikio, mpaka alipotokea kwenye mbuga iliyo wazi, akaiweka juu ya mfuko wake ili apumzike, na baada ya kama robo saa akakuta imeshika. Shida ya pili ikaanza hapo. Alipotaka kuuelekea mzinga wa kwanza, simu ilimwonyesha alipo na mzinga ulipo, lakini haikuweza kumwambia yeye mwenyewe ameelekea upande gani. Jua lilikuwa limefunikwa na mawingu, naye akashika njia ya kinyume, na alikwenda kama kilomita mbili kabla ya kuona kwamba umbali kwenye kioo unaongezeka badala ya kupungua. Usiku ule alilala porini akiwa na maji yasiyozidi nusu lita. Sitaitaja simu ile kwa jina, kwa sababu haikuwa mbovu. Ilifanya kile ambacho iliundwa kufanya, ila hakuna aliyetuambia mapema kwamba uwezo wake unaishia hapo.

Kwa nini dukani ilipata mahali kwa sekunde chache na msituni ikashindwa kwa saa nzima? Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake pamoja na taarifa za njia inayopita angani. Simu hupokea matangazo hayo, hupima muda yaliotumia kufika, na ikizipata setilaiti nne au zaidi hukokotoa mahali ilipo. Simu haitumi chochote kwenda juu, na setilaiti haijui kama mimi nipo. Nalisema hili kwa sababu nimekutana na watu wengi wanaoamini kwamba GPS inakula bando, au kwamba serikali ya Marekani inawaona kupitia setilaiti hizo. Tatizo ni kwamba taarifa za njia hutangazwa polepole mno, biti 50 kwa sekunde, hivyo simu huhitaji kuisikiliza kila setilaiti kwa nusu dakika bila kukatizwa ili izipate taarifa zake, na orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Mahali penye mtandao simu hukwepa kungoja huko kwa kuzichota taarifa hizo kwenye intaneti kwa kufumba na kufumbua, tena hukisia mahali ilipo kutokana na minara na Wi-Fi za jirani. Kidoti kile cha dukani huenda hakikutoka kwa setilaiti hata moja. Na mdogo wangu, kwa kutembea chini ya majani, alikuwa akiikatiza simu kila ilipokuwa karibu kumaliza kusikiliza. Kama angejua, angesimama mbugani tangu mwanzo na kuiacha itulie.

Hapo ndipo ombi langu la kwanza kwa waandishi wako linapotoka. Anayechambua simu aizime data na Wi-Fi, aitoe laini, asafiri nayo ikiwa imezimwa angalau kilomita mia mbili kutoka pale ilipotumika mara ya mwisho, kisha aiwashe uwanjani na kuhesabu dakika hadi iliposhika, na dakika hizo azichapishe. Ipo programu ya bure iitwayo GPSTest ambayo huonyesha setilaiti zinazosikika, ni za mfumo gani, na nguvu ya mawimbi ya kila moja, kwa hiyo kazi hii haihitaji maabara.

La pili ni dira. Simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha sumaku, na wauzaji hawalisemi hilo kwa sababu wengi wao hawalijui. Simu isiyo na kihisi hicho hujua mwelekeo wako ukiwa unatembea tu, kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo. Ukisimama, haijui kitu. Kwa dereva aliye barabarani hilo halina madhara makubwa. Kwa mtu anayetembea kwa miguu mahali pasipo na barabara, mimi naliona ni jambo la kwanza la kuuliza kabla ya kamera na kabla ya kioo, na kulipima ni rahisi: fungua ramani, simama palepale, geuka polepole, uangalie kama mshale unageuka pamoja nawe. Sijaona mchambuzi hata mmoja aliyeandika kwamba amelifanya.

Kisha kuna suala la mifumo. Neno GPS tumelizoea kwa kila kitu, lakini GPS ni ya Marekani peke yake, na iko pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, ambayo ilikamilika kwa dunia nzima mwaka 2020. Simu inayosikiliza mifumo yote minne huwa na setilaiti nyingi za kuchagua, na chini ya miti inayoziba nusu ya anga wingi huo una manufaa makubwa. Tangu mwaka 2018, ilipotoka Xiaomi Mi 8, zimekuwapo pia simu zinazopokea mawimbi ya masafa mawili badala ya moja. Masafa ya pili huisaidia simu kutofautisha mawimbi yaliyokuja moja kwa moja na yale yaliyogonga ukuta au shina kwanza, na tena huwezesha kupima ucheleweshaji unaosababishwa na tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme. Sisi wa ukanda wa ikweta tunahusika na jambo hili kuliko watu wa Ulaya, maana tabaka hilo huchafuka zaidi huku kwetu saa chache baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi na Septemba, na zaidi katika miaka ambayo jua lina msukosuko. Uchambuzi ulioandikwa London na kutafsiriwa hapa hauwezi kumwambia msomaji wa Tabora jinsi simu itakavyokuwa saa mbili usiku.

Simu yangu ya kwanza yenye kipokezi cha setilaiti ilikuwa Nokia N95, iliyoingia sokoni mwaka 2007. Mimi niliinunua baadaye, ikiwa imeshatumika. Antena yake ya GPS ilikuwa chini ya vitufe vya namba, kwa hiyo ilinibidi nikifungue kifuniko cha kuteleza na kuilaza kiganjani ikitazama juu, bila kuweka kidole juu ya vitufe. Betri yake ilikuwa ya mAh 950 na nililazimika kubeba ya akiba. Naikumbuka kwa heshima kwa sababu wachambuzi wa wakati ule waliijadili GPS yake kwa kina, walisema antena iko wapi, walihesabu dakika, walilalamika, nasi tukajua namna ya kuitumia. Siku hizi simu zina betri za mAh 5,000 na vipokezi vilivyo bora kwa kila kipimo, lakini maelezo yamefupishwa mpaka yakawa maneno mawili.

Kuhusu betri nitasema moja tu. Simu nyingi mpya, ili zionekane zinatunza chaji, huzima programu inayorekodi njia pindi kioo kinapozimwa. Unatembea saa tatu ukiamini unarekodi, unafika kambini unakuta mstari umeishia mita mia moja kutoka ulipoanzia. Kuna mahali pa kuruhusu programu isizimwe, na kila kampuni imepaficha mahali pake. Mchambuzi akituonyesha mahali hapo atakuwa ametusaidia kuliko kutuhesabia kamera.

Ramani nazo hutofautiana kwa mahali. Aliye Dar es Salaam huona ramani iliyojaa vichochoro na mifereji, kwa sehemu kubwa kutokana na kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walizichora kata zinazokumbwa na mafuriko na kuziingiza katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea. Msituni kwetu ramani hiyohiyo ina mito miwili na eneo tupu. Simu iliyopimwa Kariakoo itasifiwa kwa ramani ambayo sisi hatuna, na ndiyo sababu nahimiza ipimwe pia jinsi inavyopakua ramani za kutumia bila intaneti na jinsi inavyomruhusu mtumiaji kuweka alama zake mwenyewe.

Sitaki nieleweke kwamba simu inaweza kila kitu. Chini ya anga iliyo wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita tano, na chini ya miti hukosea zaidi. Hiyo inatosha kuufikia mti wenye mzinga, wala haitoshi kabisa kuweka mpaka wa shamba, na nimewahi kuwaona majirani wawili wakikaribia kupigana kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba za simu yake. Mipaka ni kazi ya mpima ardhi na vyombo vyake. Vilevile anayechukua namba za simu na kuzitafuta kwenye ramani za karatasi za zamani za nchi yetu ajue kwamba ramani hizo zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960, yaani msingi wa zamani wa kuhesabia latitudo na longitudo, ilhali simu hutumia msingi mwingine uitwao WGS84, na tofauti ya vipimo hivyo hapa kwetu ni kama mita 300. Mimi mwenyewe niliitafuta mizinga mitano kwa siku nzima kabla ofisa mmoja wa misitu hajanieleza jambo hilo.

Na kwa kuwa matangazo ya simu za "setilaiti" yameongezeka, waandishi wako wawatenganishie wasomaji mambo mawili: kipokezi cha kujua mahali, kilichomo katika karibu simu janja zetu zote, na uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti, ambao ulifika katika iPhone 14 na kuanza kufanya kazi Novemba 2022 huko Marekani na Kanada. Kijana aliyepotea Sikonge akidhani simu yake itamwitia msaada kwa sababu ina GPS yumo hatarini kwa kosa la maneno tu.

Msimu wa kurina asali unaanza Juni. Mwandishi wako yeyote akitaka kuja na simu mbili au tatu, za bei kubwa na za bei ndogo, zikiwa zimezimwa tangu Dar es Salaam, nitampokea Sikonge mjini na kumpeleka kambini kwa gharama yangu. Ninayo mizinga kumi ambayo namba zake nimezipima mara nyingi kwa siku tofauti. Nitampa karatasi yenye namba hizo, nami nitatembea nyuma yake bila kumwongoza, aandike ni simu ipi iliyomfikisha chini ya mti na ipi iliyomwacha njiani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji nyuki,
Sikonge, Tabora.