Kwa vijana wa Pemba mnaotutumia "Siku kama ya leo"

Wanangu, asalamu alaykum.

Juzi, Septemba 10, mjukuu wangu alinisomea hiyo "Siku kama ya leo" yenu, ya mambo yaliyotokea zamani tarehe hiyo. Nikamsikia Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku. Nikafurahi. Akaja Elisabeth, mke wa mfalme wa Austria, aliyeuawa Geneva mwaka 1898. Haya. Nikangoja. Mkafungia na mchezaji mpira aliyezaliwa siku hiyo! Mtu akauliza mbona Spice Islander haimo, mmoja wenu akajibu: "Meli gani hiyo?"

Chakula hakikunishuka.

MV Spice Islander I iliondoka Unguja usiku wa Septemba 9, 2011, ikija kwetu, ikazama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10. (Andikeni tarehe zote mbili, msije mkabishana.) Ruhusa yake abiria mia sita na kitu, waliomo walizidi mno, na shehena juu yake. Kuna waliookoka kwa kushikilia magodoro. Mpwa wangu hakuonekana. Tulimsalia sala ya ghaibu, jeneza hakuna.

Waliopakia walipakia, lakini na sisi tulipanda. Watoto wa mgongoni hatukuwaandikisha, kisha tukazozana juu ya idadi ya waliopotea. Mwaka haukutimia, Julai 18, 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Siku hiyo nyinyi hutuma picha ya Mandela, kwa kuwa ndiyo aliyozaliwa. Mtumeni, anastahiki. Na Skagit je?

Na nyinyi hasa! Kuamkia Idi iliyopita nimewaona kwa macho yangu: mmeambiwa chombo kimejaa, mkarusha mabegi kwanza, kisha mkaruka wenyewe, mnacheka. Nilipopiga kelele nikaambiwa mzee ana wahaka.

Mengine ni madogo. Tajeni mwaka. Msinakili makosa ya wenzenu. Waulizeni wazee wangali hai.

Na wewe uliyeuliza "meli gani", hasira zimenishuka. Wakati ule ulikuwa hujaachishwa ziwa. Njoo barazani baada ya Alasiri. Ila kabla hujaja, muulize mama yako kwa nini alishuka kwenye meli usiku ule, na wewe mgongoni.