Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Darasa la Kitaliano, usafi wa ufukwe wa Jambiani, futari ya pamoja, misiba miwili tuliyochangia: haya mnayajua, sitayarudia. Tuko wanachama 64, wahudumu wa hotelini. Waliolipa ada 23. Waliofika mkutano uliopita 11, na wanne kati yao walikuja kuchaji simu.

Niende kwenye maneno ya barazani, kwamba mwenyekiti kanunua ulevi kwa pesa za chama. Zilitoka shilingi 480,000 za somo la mvinyo. Mkufunzi alilipwa 400,000, na 80,000 ni chupa mbili za mvinyo mwekundu, nikaziandika "mengineyo". Mweka hazina alinishauri niziandike wazi, sikumsikia. Hapo nilikosea, na ni hapo tu.

Sababu ni hii. Kabla ya somo, mgeni mezani alimuuliza mwenzetu kwa nini chupa moja ya mvinyo ni ghali kuliko nyingine. Akajibiwa, "Mvinyo wa zamani." Mgeni akaigeuza chupa, imeandikwa mwaka juzi, akacheka. Kumbe kikongwe ni mzabibu, si mvinyo! Mvinyo ule hutengenezwa na familia moja bonde la Itata, kusini mwa Chile, pahala ambapo hata wageni wetu wengi hawapajui. Huko ipo mizabibu ya zaidi ya miaka 100, mifupi kama kichaka, haimwagiliwi, mizizi imezama kufuata maji. Huzaa kidogo, na hicho kidogo kina ladha nzito. Filoksera, mdudu aliyeteketeza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, Chile hakufika, ndiyo maana mingi ingali juu ya mizizi yake yenyewe, haikupandikizwa juu ya mizizi ya mzabibu mwingine. Nyinyi wa Pemba hili mnataka mkufunzi? Nani kwao hakuna mkarafuu wa babu, unazaa kwa kusuasua na hakuna anayethubutu kuutia shoka?

Siku ya somo hakulazimishwa mtu kuonja. Wengi walinusa, wakaandika, wakaenda kusali alasiri. Mimi sikugusa, na mashahidi wapo. La halali na haramu kila mtu na Mola wake, ila trei mnaibeba kila usiku na bakshishi hamrudishi. Tangu siku ile hakuna aliyechekwa tena mezani, na wazo lilikuwa langu.

Mwaka ujao, inshaallah, tutapata ofisi, na pengine mafunzo ya viungo vyetu wenyewe. Ada ni ile ile 2,000 kwa mwezi. Waliodai hesabu kwa sauti kubwa watazame ukutani: majina ya wasiolipa nimeyabandika, mwandiko wangu.