Kabla ya Kuchimba Shimo, Ulijue Jina la Mti

Mwezi wa tatu, masika yakikaribia, hapa kitaluni kwetu Malindi hatupati nafasi ya kukaa. Wateja wanatoka Ganda, Mambrui, Kakuyuni, hata Langobaya, na swali la kwanza karibu kila mara ni bei. Bei tutakutajia. Ila tunaomba ututangulizie swali jingine: huu mti jina lake kamili ni nani?

Msimu uliopita mama mmoja alituletea tawi kutoka shambani kwake. Alikuwa amenunua miche ya "melia" kwa muuzaji aliyepita na pikipiki, akaambiwa ni mti wa mbao. Yeye akilini mwake alikuwa na mukau, ule unaopandwa sana Kitui. Tawi aliloshika lilikuwa na maua ya zambarau. Mukau hutoa maua meupe. Mti wake ulikuwa Melia azedarach, mgeni kutoka Asia, ambao tunda lake lina sumu na lazima watoto wakatazwe kulichezea. Mukau ni Melia volkensii, mwenyeji wa nyika kavu za kwetu Afrika Mashariki. Wote wawili sokoni huitwa melia. Mama yule alikuwa ameteka maji ya kuimwagilia miche hiyo kwa miaka mitatu, na kilichomuuma ni hiyo miaka, si pesa.

Kuna ndugu wa tatu anayechanganywa nao: mwarobaini, ambao huku kwetu wengine wanauita mkilifi. Huo ni Azadirachta indica. Ukikosa maua wala tunda, shika jani. La mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu, na vijani vimejipanga huku na huku, vimepinda kama mundu na kingo zake zina meno. La melia kikonyo chake kinagawanyika tena kuwa vikonyo vidogo kabla hujafika kwenye vijani. Ukishaliona jambo hili mara moja mkononi mwako, hutadanganywa tena.

Ndiyo maana tunaandika jina la kisayansi kwenye kila trei, ingawa wapo wanaoona ni madoido. Mlonge, mronge na mzunze ni mti mmoja, Moringa oleifera. Jina la mtaani hubadilika ukivuka mto Sabaki; la kisayansi ndilo hilo hilo hapa, Nairobi na India, na ukiwa nalo ndipo unaweza kutafuta habari za mti wako bila kupotea.

Sasa utazitafuta wapi? Video za simu zinapendeza, lakini nyingi zimepigwa bara. Kijana anakuonyesha grevilea zilizonyooka pembezoni mwa shamba la kahawa Embu, nawe uko Malindi, karibu usawa wa bahari, kwenye mchanga na joto. Grevilea anapenda baridi ya milimani. Anayekueleza hakudanganyi, anasema kweli ya kwao.

Sisi huanzia ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto chenye makao Gigiri, Nairobi. Wana hazina ya maelezo ya miti zaidi ya 500, na ni bure kusoma: mvua inayohitajika, kimo kutoka usawa wa bahari, udongo, mbegu, matumizi, na madhara. Mwaka 2005 walitoa pia kitabu kinene cha miti na vichaka vya manufaa vya Kenya, chenye majina ya Kigiriama, Kipokomo na lugha nyingine zetu. Mzee akikutajia mti kwa Kigiriama, humo unaweza kulipata jina lake la kisayansi. Halafu wapo KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wenye kituo pale Gede. Hawa wameijaribu miti kwenye udongo wa Pwani hii hii, na nauli ya matatu hadi Gede ni ndogo mno ukilinganisha na shamba lililopandwa mti usiofaa.

Unaposoma, tafadhali usiishie kwenye matumizi. Shuka hadi kwenye madhara. Mathenge, mti ambao jina lake la kisayansi ni Prosopis juliflora, aliletwa kwenye machimbo ya karibu na Mombasa mwaka 1973, baadaye akapelekwa Baringo, kwa sifa nzuri tupu: kuni, kivuli, kuzuia jangwa. Mwaka 2008 serikali ilimtangaza kuwa gugu hatari. Lusina (Leucaena leucocephala) naye ni lishe tamu ya mbuzi, lakini majani yake yana kemikali inayodhuru, hasa kwa punda, kuku na nguruwe, na hata kwa mbuzi yasizidi kama theluthi moja ya chakula. Mbegu zake zikiachwa zikomae, utazing'oa hadi uchoke. Tunamuuza, ila kwa anayekubali kumkata kabla hajatoa maganda.

Na mvinje, kipenzi cha Malindi nzima? Maboriti yake yanauzika haraka, anastahimili mchanga na chumvi ya upande wa Gongoni, na anaurutubisha udongo kwa nitrojeni. Hiyo nitrojeni lakini haitoki kwake peke yake: kuna vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi yake. Mche ulioota kwenye mchanga mtupu usio navyo hudumaa na kugeuka manjano. Kwa hiyo sisi huchota udongo kidogo chini ya mivinje mikongwe na kuuchanganya kwenye viriba. Muulize anayekuuzia kama amefanya hivyo. Ujue pia kwamba mvinje ukikatwa hauchipui vizuri kwenye kisiki, basi baada ya kuvuna panga kupanda upya.

Kama una mti usioujua, tuletee tawi lenye majani, na maua au matunda yakiwepo. Lilaze katikati ya gazeti, ulikandamize kidogo, lisifungiwe mahali penye unyevu maana litaoza njiani. Tuambie limetoka wapi na mti una urefu gani. Tutakutafutia jina na kukusomea maelezo kwa Kiswahili, bila malipo, hata kama hununui mche. Tukishindwa, tutakuelekeza Gede, au kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Mama yule alirudi. Tulimshauri aiache melia yake miwili mitatu ya kuni mbali na nyumba, na kwingine apande mikorosho na mbambakofi kidogo. Safari hii alisimama mbele ya trei, akasoma kibandiko kwa sauti, herufi kwa herufi, ndipo akauliza bei.