Siku yako isipangwe na simu

Mbeya, Jumapili jioni

Kamwene mwenzangu,

Voice yako ya usiku nimeisikiliza yote, nikaona bora nikuandikie kabisa kuliko kukutumia voice nyingine utakayoisikiliza kwenye korido ya mahakama huku jina la kesi yako linaitwa. Unasema faili zimekuzidi, kuna Mahakama Kuu hapo Iringa, kuna za ardhi Njombe, kuna za CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na watoto unawakuta wamelala unawaacha wamelala. Pole sana shosti. Na usijiite mzembe tena, mi nakujua toka Law School, uzembe huna. Shida ninayoiona ni kwamba siku yako inapangwa na kila mtu isipokuwa wewe, mteja akipiga unapokea, karani wa mahakama akiita unakwenda, mtu akipita tu ofisini anakaa nusu saa, afu kuandika ndo kunabaki saa tano usiku ukiwa hoi.

Mi naamini wakili inabidi aanze kupanga muda wake kwenye ukomo wa kisheria, yaani siku ya mwisho sheria inayokupa kufungua shauri, hapo kwanza, mengine yote yatafute nafasi baadaye. Kesi ya kutajwa, ile ya kuangalia tu imefikia wapi, inaahirishwa, ukomo hauahirishwi, na anayeumia ukipita ni yule mama aliyeuza ng'ombe kukulipa.

Mchukulie mtu aliyeachishwa kazi. Ana siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, na unawajua watu wetu, kwanza atambembeleza bosi, afu atazunguka kwa mjomba anayemfahamu mtu wa ofisini, akija kukaa mbele yako na ile barua imekunjwa mfukoni zimebaki siku nne. Fomu yake, ile F1, ijazwe siku hiyohiyo, hata kama nje kuna foleni ya watu wa mikataba ya viwanja ambao kiukweli wanalipa vizuri zaidi. Na tuzo, yaani uamuzi wa CMA, ikitoka vibaya ana wiki sita tu za kuomba marejeo Mahakama Kuu, kwahiyo tarehe hiyo nayo inaandikwa siku unayochukua tuzo, sio siku mteja atakapokumbuka kukuuliza.

Kwenye Mahakama ya Rufani ndo ninapoumia zaidi nikiona wenzetu wanakwama. Notisi ya kusudio la kukata rufaa siku 30 tangu hukumu, sawa, hiyo wengi wanaikumbuka. Ila barua ya kuomba nakala za mwenendo na hukumu nayo iingie ndani ya hizohizo 30, na upande wa pili wapewe nakala yake, maana bila hivyo ule muda msajili anaoutumia kuandaa nakala unahesabiwa kwako, na zile siku 60 za kuleta rufaa zinakwisha umekaa unasubiri. Barua yenyewe ni ukurasa mmoja jamani! Iandike ukitoka kusomewa hukumu, kabla hata hujaenda kula. Ukiiacha utakuja kukesha na kiapo cha kuomba kuongezewa muda, na ile kesi ya Lyamuya ya 2010 ya kuongezewa muda unaijua, unatakiwa uueleze muda wote uliochelewa, uonyeshe bidii, sio kuandika tu kwamba ulikuwa na kazi nyingi. Kazi nyingi haijawahi kuwa sababu. Na bill of costs, yale maombi ya kurudishiwa gharama za kesi, usiisahau, siku 60 tangu amri ya gharama, tunashinda kesi tunafurahi afu pesa ya mteja inaachwa mezani hivihivi.

Kwahiyo kila faili jipya likifunguliwa liandikwe tarehe mbili juu ya jalada kwa kalamu nyekundu, ya sheria na ya kwako, na ya kwako iwe wiki nzima kabla. Karani wako awe nazo zote kwenye daftari lake, zisikae kwenye simu yako peke yake, simu inaibiwa hapo stendi na ofisi nzima inabaki kipofu. Hiyo wiki sio ya kujidekeza. Kweli kanuni za kusajili kwa mtandao zinakuruhusu mpaka kabla ya saa sita usiku, ila saa hizo ndo umeme unakatika, mfumo unagoma, kontrol namba haiji, na nani utampigia?

Kuandika kuwe asubuhi. Saa 11 mpaka saa moja, simu imezimwa kabisa sio silent. Najua baridi ya Iringa mwezi wa sita, na sisi huku mtaani Forest ndo usiseme, lakini hoja za maandishi ambazo usiku zinakula saa nne, alfajiri zinaisha kwa saa mbili na zinasomeka. Ukienda mahakamani beba faili lingine la kusoma, kule kusubiri kupo tu. Simu za wateja zipe saa yake, mi wangu wanajua ni saa nane mpaka saa tisa, mwanzoni walinuna, saivi wanapiga muda huo wakiwa wameshajipanga cha kuuliza.

Safari nazo ziunganishe. Mi ya Tukuyu naomba iwe siku moja na ya Kyela, ni njia moja, maana kutoka tu mjini mpaka Uyole na malori ya Tunduma yamejaa barabarani asubuhi inaweza kuisha. Afu tushikiane brief, yaani kusimamiana kesi, kwa utaratibu, yangu ya kutajwa Iringa nikutumie wewe na ya kwako Mbeya niende mimi, ila faili litumwe mapema, tusiwe mawakili wa kuinuka na kusema tu naomba ahirisho, mahakimu wanachoka na wateja wanatuchukia kwa haki kabisa.

Jambo gumu nimeliacha mwisho. Kataa kesi. Najua ada ya shule, najua kodi ya ofisi, najua kuna mzee wa kanisani huwezi kumwangalia usoni ukamwambia hapana. Lakini ukipokea faili ambalo hutalifungua wiki tatu, huyo mzee umemfungia mlango kwa mawakili wengine ambao wangelifungua kesho. Mwelekeze kwa kijana aliyeapishwa juzi, wapo wazuri wana njaa ya kazi na muda wanao.

Jumapili hii ya leo sijagusa faili na wewe naomba ijayo usiguse. Nitumie tarehe zako zote za mwezi ujao, hata picha ya daftari inatosha, nitazame zipi za huku nikushikie, na ile ya Njombe uliyosema hukumu imeshatoka niambie imetoka tarehe ngapi, nijibu leoleo kama unaweza.

Msalimie shemeji na watoto. Ndaga fijo.

Mwenzio wa Mbeya